Barua Iliyofichwa Kabatini

Barua ya deni la VAT ikifika dukani, tusiifiche kwa hofu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukinyamaza, hata hesabu yenye kosa husimama, na karo ya watoto huliwa na deni.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 yatupa siku 30 za kuandika pingamizi, tukionyesha kosa na risiti. Zikipita kwa ugonjwa, safari ya nje au sababu nyingine ya haki, tuombe kwa maandishi kuongezewe muda, bila kukawia tena.

Mjane wa Luka 18 hakuchoka kumwendea kadhi. Nasi tumshirikishe mume, tuombe, kisha tushike kalamu.