JINA LA KIJIDUDU SI LA MTIHANI TU

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaotaka kuuzungumzia leo, wasomaji wapenzi, uko humu humu bwenini. Mwanafunzi akilalamika kuwa koo linamwuma, rafiki yake hufungua sanduku, akatoa tembe mbili zilizobaki muhula uliopita na kumwambia, "Meza hizi, bwana, mimi zilinisaidia jipu." Naye anameza! Jamani, jipu na koo wapi na wapi?

Hapo ndipo somo la Bayolojia linapoingia. Wengi wetu huyakariri majina stafilokokasi na streptokokasi kama kasuku, tukayatema kwenye karatasi ya mtihani, basi. Hebu tuyatazame. Asili yake ni Kigiriki, na kokasi ni punje. Stafilokokasi ni punje zilizoshikamana kama kichala cha zabibu. Jina hilo lilitolewa miaka ya 1880 na daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston, aliyeviona vijidudu hivyo katika usaha wa majipu. Streptokokasi nazo hujipanga kama shanga kwenye uzi.

Zote mbili huwa zambarau zikitiwa rangi ya Gram, kwa hiyo maabarani huongezwa tone la haidrojeni peroksaidi. Stafilokokasi hutoa povu. Streptokokasi hutulia tuli. Kisha kila ukoo hugawanywa tena. Stafilokokasi inayogandisha majimaji ya damu, yaani ile iitwayo aureus, ndiyo mkorofi zaidi. Streptokokasi hutazamwa jinsi zinavyoharibu chembe za damu, halafu nyingi hupangwa kwa herufi, A, B na kuendelea, kwa mpango alioutoa mwanasayansi wa Marekani, Bi. Rebecca Lancefield, mwaka 1933.

Mtauliza, "Sasa hizo herufi zatuhusu nini?" Zatuhusu sana! Kundi A huleta ugonjwa wa koo ambao usipotibiwa sawasawa waweza kuzaa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huharibu vali za moyo. Kwa bahati nzuri, kundi A hadi leo huuawa na penisilini, mradi dozi imalizwe. Lakini stafilokokasi nyingi ziliishinda penisilini kitambo, na mwaka 1961 huko Uingereza zikaonekana zilizoishinda hata methisilini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao. Isitoshe, maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, ambavyo tembe hizo haziviwezi kamwe.

Kuna watakaosema kuwa foleni ya zahanati ni ndefu na muuguzi hana maabara. Siwapingi. Hata hivyo, muuguzi atakuangalia koo, atakuuliza maswali, na ikibidi atakutuma hospitalini ukapimwe. Sanduku la rafiki haliulizi kitu.

Maoni yangu ni haya: kila mtu amalize dozi yake, na tembe zikibaki kwa sababu yoyote zipelekwe kwa muuguzi, zisiwe akiba ya bweni. Viranja nao wasione haya kulisema jambo hili. Rafiki anayekugawia dawa anakupenda, sikatai, lakini hajui kama ulichonacho ni kichala au ni shanga. Koo likikuuma kesho, shika njia ya zahanati. Moyo hauna spea, ati!