Muulizeni Kwanza Anayetaka Kuwatibu Nyoyo

Ndugu zetu mnaoishi Doornfontein, Bertrams na Yeoville, nyinyi mliotoka Bukavu, Kigoma, Mombasa na kwingineko mkaja kutafuta riziki Johannesburg, maneno haya ni yenu. Wengi mmebeba mazito. Wapo waliokimbia vita vya Kivu. Wapo waliokuwapo Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoua watu zaidi ya 60 katika nchi hii. Mtu wa namna hiyo akikosa usingizi, akashtuka kila mlango unapobishwa, si mwehu wala hakurogwa; anahitaji tiba. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na wauza tiba wanalijua hilo.

Miongoni mwa tiba zinazouzwa siku hizi ipo ile iitwayo kwa kifupi NLP. Wafuasi wake husema kwamba akili hupangwa na maneno anayoyasema mtu na picha anazojichorea ndani yake, na kwamba mjuzi akizibadili, hofu ya miaka mingi huondoka kwa kikao kimoja. Husema pia kwamba macho yakielekea upande fulani mtu anakumbuka, yakielekea upande wa pili anabuni.

Yafaa tujue ilikotoka. Waliianzisha Richard Bandler, mwanafunzi, na John Grinder, mwalimu wa isimu, katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Kitabu chao cha kwanza kikatoka 1975. Waliwachunguza matabibu mashuhuri wakitafuta siri ya maneno yao. Mmoja wa matabibu hao, Fritz Perls, si mgeni Johannesburg. Alifika 1934 na mkewe Laura, wakiikimbia Ujerumani ya Hitler, akatibu watu mjini humu, akalitumikia jeshi la nchi hii kama daktari wa akili, na kitabu chake cha kwanza kikapigwa chapa Durban 1942. Bandler alimjua zaidi kwa kuziandika kanda za vikao vyake. Namna ya kusema yaweza kunakiliwa kandani. Udaktari uliokuwa nyuma ya kusema kule, pamoja na miaka aliyokaa na wagonjwa, havinakiliki.

Nisiidhulumu: lipo jema ndani yake. Mtu akisema kila mtu anamchukia, hufundisha kumwuliza kwa upole, nani hasa? Hufundisha kumsikiliza mwenzako, kumtazama, kulegeza sauti mbele ya mwenye hasira. Walimu na wauguzi wote na wayatumie hayo. Lakini adabu njema ya mazungumzo haijawa dawa. Dai lile la macho lilipimwa na watafiti wa Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa 2012 hayakuliunga mkono hata kidogo. Mwaka huohuo watafiti wengine wa huko walikusanya tafiti za NLP katika afya, wakakuta ushahidi haba mno. Karibu miaka 40 ilikuwa imekwisha kupita tangu kitabu kile cha kwanza!

Atasema mtu: mbona Doornfontein penyewe hufundishwa tiba mbadala? Ni kweli. Katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Johannesburg iliyo mtaani humo, wanafunzi wa homeopathi na kiropraktiki huona wagonjwa chini ya macho ya walimu wao. Homeopathi nayo sayansi inaitilia shaka kubwa, wala siifichi. Ila anayefuzu pale amesoma miaka, jina lake huandikwa katika baraza lililowekwa kwa sheria, na akikudhuru pana mahali pa kumshtaki. NLP haimo katika taaluma za baraza lile. Mtu huhudhuria semina ya siku kadhaa, akalipa, akapewa cheti, akatundika kibao. Akimfumbua mama kidonda cha kubakwa kisha akashindwa kukifunga, mama yule atamshtakia wapi?

Wala msidhani nawatetea wenye shahada ndefu peke yao. Kule Kivu, wanawake zaidi ya 400 walionusurika ubakaji walihudumiwa na Wakongomani wenzao waliopewa mafunzo, wasio wanasaikolojia. Vijiji vingine vilipata tiba ya kikundi, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja, kisha hali zao zikalinganishwa. Matokeo yalichapishwa 2013: waliokuwa katika tiba ya kikundi walipata nafuu kubwa zaidi, na miezi sita baadaye nafuu ile ilikuwa bado ipo. Wanawake wengi kati yao hawakujua kusoma. Hiyo nayo ni tiba ya maneno, tena ya maneno ya kwetu. Lakini walioitoa walikubali ipimwe mbele za watu.

Basi, kabla ya kumfungulia mtu yaliyo moyoni, mwombeni namba yake ya usajili. Daftari la wanasaikolojia wa Afrika Kusini liko wazi kwenye intaneti, na kulitazama ni bure. Akikasirika kwa kuulizwa, ondokeni na fedha zenu. Akimwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, ondokeni upesi zaidi. Na aliyeteswa au kunusurika ukatili, mkimbizi au mwenyeji, aende Braamfontein, si mbali na Doornfontein, kwenye Kituo cha Utafiti wa Ukatili na Maridhiano. Kazi ya kuwahudumia watu wa namna yake wanaijua. Kiingereza kikimshinda, jirani anayekijua amsindikize, asimwache aende peke yake.