Kolwezi: nyaya juu ya paa, makala jikoni

Usiku, ukisimama upande wa Musonoi, unaona migodi inawaka taa kama mchana. Geuka upande wa pili: mtaa uko giza, mama anapepea makala ili bukari ipate kuiva. Kuran imeenda tangu asubuhi, na hakuna anayejua itarudi saa ngapi. Watu wamezoea, wanasema tu delestaji.

Kinachouma ni kwamba Kolwezi haiko mbali na umeme hata kidogo. Kituo cha Nzilo, megawati 108, na kile cha Nseke, megawati 248, vilijengwa miaka ya 1950 juu ya mto Lualaba, wakati wa Union Minière. Kati ya hivyo viwili sasa kuna Busanga, megawati 240, iliyotokana na mkataba wa Congo na Wachina wa mwaka 2008, kwanza kabisa kwa ajili ya mgodi wa Sicomines. Halafu kuna ule waya mkubwa wa Inga, karibu kilometa 1,700, uliomalizika mwaka 1982. Unaishia hapa hapa Kolwezi. Umeme unasafiri kwa mkondo mnyoofu, kwa hiyo kijiji kilicho chini ya waya hakiwezi kuuchota bila kituo cha kuubadili, na kituo kama hicho ni ghali sana. Vijiji vinaangalia nyaya zinapita, basi.

Kwa hiyo umeme unatoka wapi si swali gumu. Gumu ni hili: nani anatengeneza nini?

Mitambo ya SNEL ilichoka kwa miaka mingi, na serikali haikuwa na pesa za kuitengeneza. Migodi ikaingia. KCC ililipia kazi za Inga, Kamoa ikalipia Mwadingusha kule kwenye mto Lufira, kisha turbini namba 5 ya Inga II. Pesa hizo ni mkopo: SNEL inalipa kidogo kidogo kwa kupunguza fakture za umeme za kampuni hizo. Ni hesabu ya akili, bila hiyo mitambo mingine ingekuwa imekufa. Lakini angalia upande wa pili: mteja mkubwa anayelipa vizuri, sehemu ya malipo yake inarudi kwenye deni. Ile kabine ya mtaa iliyoungua, nani ataikopea? Kwa kawaida ni wakaaji wenyewe, nyumba kwa nyumba, kila mmoja anatoa kotizasyo yake.

SNEL nayo ina malalamiko yake, na si ya uongo. Wengi hawana mita, wanalipa bei moja hata wasipopata kuran. Wengine wanajiunga kwa wizi, transfoma inazidiwa, inalipuka, na anayelipa anakaa giza pamoja na asiyelipa. Migodi yenyewe haishibi: inanunua umeme Zambia na kuwasha mashine za mazutu.

Ila kuna pesa ambayo haitajwi sana kwenye mabishano haya. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa miji, komini, sekta na sheferi ambamo uchimbaji unafanyika. Kobalti, ikiwa madini ya kimkakati, inalipiwa mrabaha wa asilimia 10. Tena kampuni zinatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi.

Transfoma ya mtaa si Inga. Asilimia 15 hiyo haipitii Kinshasa, na bajeti ya komini inapangwa kila mwaka hapa hapa, Dilala na Manika. Wakaaji wanaochanga pesa za kabine wana haki ya kuuliza kwa burgumestre mstari wa umeme uko ukurasa gani.