Goma: Kwa nini kuokoa jino moja kunakuwa bei kuliko kuling'oa

Kwenye kiti cha muganga wa meno, mgonjwa mwenye jino lililooza sana anaulizwa swali moja: tuling'oe ao tuliokoe? Wengi wanajibu kabla muganga hajamaliza kusema. Wanauliza bei, wanasikia bei, wanasema: ling'oe.

Mwandishi wa makala hii aliulizwa swali hilo katika kabine moja ya meno mjini Goma, baada ya usiku tatu bila usingizi. Jino la nyuma, lililozibwa miaka iliyopita, lilikuwa limepasuka na uozo umefika kwenye mshipa. Kuling'oa ilikuwa kazi ya siku moja. Kuliokoa ilimaanisha kutibu mizizi, kisha kulivika kuroni, yaani ile kofia ngumu inayofunika jino lote. Bei ya njia ya pili ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya kwanza, tena kwa kurudi mara nne.

Hatua ya kwanza ya hasira ni kumlaumu muganga. Lakini tukifungua bei hiyo na kuangalia ndani yake, tunaona kwamba tatizo ni kubwa kuliko kabine moja.

Pesa inaenda wapi?

Kuroni haiwekwi juu ya jino bovu. Kwanza inahitajika radiografia ili kuona mizizi. Kama mshipa umekufa ao umeambukizwa, lazima uondolewe, na jino kubwa la nyuma huwa na njia tatu, wakati mwingine nne, ndani ya mizizi yake. Kila moja inasafishwa na kuzibwa. Kisha jino linasagwa pande zote ili kofia ipate nafasi, vipimo vinachukuliwa, mgonjwa anavalishwa kofia ya muda, na fundi wa meno anatengeneza ile ya kudumu kwa chuma, kwa seramiki ao kwa vyote viwili.

Karibu vifaa vyote hivyo vinatoka nje ya nchi na vinalipwa kwa dola. Mashine zinahitaji umeme, na umeme ukikatika jenereta inakula mafuta. Tena, tangu mapigano ya mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mji wa Goma uliona uwanja wake wa ndege ukifungwa na benki zikifunga milango. Muganga anayeagiza vifaa anapitia njia ndefu zaidi, na mgonjwa anayetumiwa pesa na ndugu yake kwa simu analipa pia ada ya kuitoa. Gharama hizo zote zinaishia kwenye karatasi moja, ile anayopewa mgonjwa.

Upande wa pili kuna mfuko wa mgonjwa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo zaidi ya 73 kwa 100 waliishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku. Kwa mama anayeuza samaki sokoni Virunga ao kijana anayeendesha pikipiki, kuroni moja inashindana na minervali ya watoto. Mbele ya minervali, jino linashindwa.

Meno hayamo kwenye mpango

Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikadiria kwamba magonjwa ya kinywa yanagusa watu karibu bilioni 3,5 duniani. Katika kanda yake ya Afrika, linahesabu waganga wa meno kama 3 tu kwa wakaaji 100 000. Kwetu, wengi wa hao wachache wanafanya kazi mijini. Mtu wa Walikale ao wa Shabunda anayetaka kuroni anapaswa kwanza kutafuta pesa ya safari.

Serikali ya Kongo ilianzisha mpango wa afya kwa wote, na mwezi wa tisa 2023 uzazi wa bure ulizinduliwa Kinshasa. Ni hatua nzuri, kwa sababu mama anayejifungua hawezi kungojea. Lakini kwa jino, raia analipa yote mwenyewe, palepale, kwa pesa taslimu. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi yetu bado haijafika hapo, na pesa inapokuwa ndogo, meno yanakuwa ya mwisho kwenye foleni.

Matokeo yake tunayaona kila siku. Mtu anameza vidonge vya maumivu kwa miezi. Anajinunulia antibiotiki kwenye famasi bila karatasi ya muganga. Uvimbe unapungua, anafikiri amepona, lakini kisababishi kimebaki ndani ya jino. Usaha wa jino ukishuka hadi shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Wakati huo haulizwi tena bei ya kuroni, inaulizwa bei ya kulala hospitalini.

Njia ya bei ndogo ipo

Kuroni ni mwisho wa safari iliyoanza na tundu dogo. Tundu hilo lingezibwa mapema, kwa bei ndogo, mambo yangeishia hapo. Katika miaka ya 1980, nchini Tanzania, waganga walianza njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu na kuliziba kwa simenti maalum inayoshikamana na jino, bila umeme na bila mashine ya kutoboa. Mwaka 2021 OMS iliingiza simenti hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, kwenye orodha yake ya dawa za lazima.

Kwa mkoa ambao umeme ni wa kubahatisha, ni vigumu kupata njia inayotufaa zaidi. Muuguzi aliyefunzwa vizuri anaweza kuifanya kwenye kituo cha afya, hata shuleni. Meno makubwa ya kwanza ya kudumu yanaota mtoto akiwa na miaka karibu 6, na mara nyingi ndiyo yanayoharibika mbele. Anayelipia kuziba jino la mtoto leo anaepuka kulipia kuroni ya mtu mzima kesho.

Kwa yule ambaye tayari ana maumivu, yafaa kuuliza kabla ya kulipa: je, radiografia imeonyesha nini? Mshipa uko hai ao umekufa? Bei niliyopewa inaingiza matibabu ya mizizi, ao ni kofia peke yake? Kofia ni ya chuma ao ya seramiki? Naweza kulipa kidogo kidogo, kwa kila hatua? Kama kuroni mpya inagonga mbele ya meno mengine ukifunga kinywa, rudi haraka, kusawazisha ni kazi ya dakika chache. Maumivu yanayopiga usiku ama uvimbe chini ya kuroni ni jambo lingine, usilifunike kwa vidonge.

Na kung'oa si aibu. Jino lililovunjika hadi kwenye mzizi mara nyingi halina la kuokolewa. Lakini jino zima linalong'olewa kwa kukosa pesa tu linaacha pengo, meno jirani yanaanza kuinama kuelekea pengo hilo, na kulirudisha baadaye kunakuwa bei kuliko ile kuroni iliyokataliwa.

Mimi nilichagua kuokoa, kwa deni ambalo bado nalilipa. Nilikuwa na mshahara na rafiki wa kunikopesha. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye benchi hakuwa na hivyo viwili. Alitoka akiwa ameshika shavu, na jino lake limebaki kwa muganga.