Vuta mkanda kwanza, ndipo uwashe mashine

Kila sikukuu viwanja vinajaa bembea za umeme, vigari vya kuzunguka na makasri ya kupulizwa. Na kila mtoto akirushwa chini, tunakimbilia usemi ule ule: ajali haina kinga. Hii inayo, tena haina gharama. Mwendeshaji apite kiti kwa kiti, avute kila mkanda kwa mkono wake, ndipo awashe.

Septemba 2021, huko Glenwood Caverns, jimbo la Colorado nchini Marekani, mtoto wa kike wa miaka 6 aliikalia mikanda badala ya kufungwa nayo. Mashine ilionya kwamba kuna kasoro. Waendeshaji hawakulielewa onyo, wakalifuta, wakaendelea. Kiti kiliporomoka kwenye shimo la zaidi ya mita 30, na mtoto akafa. Mkanda usiomshika mtoto ni chandarua kilichokunjwa juu ya kitanda: kipo, na mbu wanauma.

Urefu wa mtoto nao usibishaniwe. Chuma cha kifuani kilichotengenezwa kwa mtu mzima kinaacha nafasi ya kutosha kwa mtoto kuchomoka. Tunawajua wazazi wanaosema, "Huyu mzoefu, mpandishe tu." Chuma hakijui uzoefu. Pigeni mstari kwenye nguzo ya mlangoni. Asiyeufikia arudishiwe pesa yake. Hapo ndipo wenye mashine wanapokwepa, kwa sababu kila mtoto anayekataliwa ni tiketi iliyopotea.

Makasri ya kupulizwa yanaonekana hayana neno, kumbe upepo unayabeba. Mwaka 2016 mjini Harlow, Uingereza, kasri lilipeperushwa likiwa na msichana wa miaka 7 ndani, akafa. Wahusika wawili walifungwa miaka mitatu kila mmoja. Viwango vya Ulaya vinataka kasri lishikizwe chini sehemu zisizopungua 6, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Kamba mbili na jiwe havitoshi. Miti ikianza kuyumba, watoto washuke, hata kama foleni ni ndefu.

Halmashauri zinazokodisha viwanja nazo zisijifanye wageni. Anayekuja na kitabu cha risiti aje na fundi. Fundi akague boliti, breki na nyaya kabla ya mtoto wa kwanza kupanda, na anayebonyeza kitufe awe amefundishwa kazi hiyo, asiwe kijana aliyeokotwa asubuhi hiyo hiyo kushika zamu.

Na wewe mzazi, acha kutazama simu. Ukiona mashine inataka kuwashwa na hakuna aliyegusa mkanda wa mwanao, paza sauti, kisha mshushe. Atalia kidogo. Mnunulie aiskrimu, mwende zenu.