BARAZA LA AFYA: Simu ya Muuguzi

Safari hii nina la kukiri. Mwaka 2020, siku zile Waingereza wakitoka milangoni kila Alhamisi saa mbili usiku kuwapigia makofi wauguzi, mpwa wangu alikuwa akirudi zamu ya usiku, anakaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Nikamkaripia: "Mwanangu, weka simu ulale!"

Kumbe anaandikiana na mtu wa kumsikiliza. Wagonjwa walikuwa wakifa bila jamaa pembeni, yeye ndiye aliyewashika mkono. Mwaka ule wafanyakazi wa afya waliambiwa waandike neno FRONTLINE walipeleke nambari 85258: bure, usiku na mchana, na anayejibu ni mtu wa kujitolea aliyefunzwa, si mashine. Zilikuwepo pia programu za simu, kama Headspace, za kutuliza moyo.

Uzuri wake, maandishi hayana sauti. Nyumba zetu kuta zina masikio. Likitajwa tu neno "daktari wa akili", shangazi keshatia ubani.

Baadaye nikamuuliza mbona hakuniambia. "Mjomba, ungempigia mama Unguja."

Na kweli, ningempigia.