Mbuzi Anazunguka, Mbwa Haulizwi

ZIZINI, na Lazaro Mollel

Mfugaji wa Longido au Ngorongoro hahitaji kuelezwa ormilo ni nini. Mbuzi hujitenga na wenzake, huinamisha kichwa upande mmoja, kisha huanza kuzunguka palepale, pengine akijigonga kwenye miti kwa kuwa jicho moja halioni. (Ng'ombe nao wana ormilo yao, ila hiyo huletwa na kupe. Leo nasema ya mbuzi na kondoo.) Hajarogwa. Ndani ya fuvu mna kifuko cha maji kinachoweza kufikia ukubwa wa yai la kuku, kimejaa vichwa vichanga vya tegu vinavyongoja kuingia tumboni mwa mbwa.

Tiba ipo, nayo ni kisu. Wako wafugaji wanaopapasa fuvu mpaka wapate mahali mfupa ulipolainika, wakatoboa na kukivuta kifuko kizimakizima. Daktari wa mifugo hufanya hivyohivyo, ila kwa ganzi na vifaa safi. Kifuko kikiwa juu juu, mbuzi anaweza kupona na kurudi malishoni. Kikiwa kimezama ndani, hapo hakuna fundi. Na dawa ya minyoo anayonyweshwa mbuzi ambaye tayari anazunguka husaidia kidogo sana, kwa sababu wakati huo kifuko kimeshakuwa kikubwa na ubongo umeshabanwa.

Wengi basi huamua kuchinja. Siwalaumu, heri nyama kuliko mzoga. Balaa huanza kichwa kinapopasuliwa na ubongo kutupiwa mbwa. Baada ya wiki sita hivi, mbwa yuleyule anaanza kumwaga mayai ya tegu pamoja na kinyesi chake, kwenye majani yaleyale ambayo mbuzi watayala kesho. Naye hakai nyumbani, anashinda na kundi malishoni. Kwa mgonjwa mmoja tuliyemchinja, tumepanda wengine.

Kwa hiyo nashangaa tunapokusanya mbwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, watoto wakiwavuta kwa kamba toka maboma ya mbali, halafu kila mbwa anachomwa sindano na kurudi na minyoo yake. Kidonge cha prazikwanteli kingemezwa papo hapo. Najua nitajibiwa kwamba chanjo hurudiwa kila mwaka, ilhali kidonge huua minyoo iliyopo tu na yafaa kirudiwe kila baada ya miezi mitatu hivi. Ni kweli. Vidonge vya miezi inayobaki apewe mwenye mbwa, aelekezwe, na laigwanani, kiongozi wetu wa kimila, afuatilie. Vichwa vya mbuzi wa ormilo vichomwe, au vizikwe kina ambacho mbwa hafukui.

Fedha? Halmashauri zinatoza ushuru minadani. Sehemu ndogo ya ushuru huo inunue vidonge, na siku ya chanjo bwana mifugo asipande pikipiki yake kabla mbwa wa mwisho hajameza.